Simenti Juu, Matisheti Chini

Katika picha ya kampeni, Papa Pontien Lumbwe alionekana kama mtu aliyesimamishwa na polisi akagundua kitambulisho amekiacha kwenye suruali nyingine. Koti lilikuwa la shemeji yake, tai ilikuwa ya chama, na weupe wa uso ulikuwa wa mpiga picha, maana Pontien mwenyewe alikuwa mweusi kama sufuria ya kupikia nje. Picha hizo zilibandikwa kutoka daraja la Lukuga mpaka Kataki, na kwenye ukuta wa bandari zilibandikwa tatu kwa mpigo, kana kwamba madokeri wangeweza kumsahau.

"Ungecheka hata kidogo," alisema mke wake Adrienne, huku akigeuza ndagala zilizoanikwa kwenye wavu.

"Metre Rubens alisema kandida hachekicheki."

"Sawa. Na kuogopa hivi, njo yeye alikuagiza?"

Madokeri ni wale wanaoshusha mizigo kutoka masuwa, meli za ziwani, na kuipanga hangarini au kwenye mabehewa yanayokwenda Nyunzu na Kabalo. Kreni ilikuwepo, lakini iliugua mara nyingi kuliko mtoto pacha, kwa hiyo mji wa Kalemie ulikula, ulivaa na ulijenga kwa mabega ya watu hao. Kazi ilikuwa na mwito wake. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na gunia linapanda begani pale pale penye kuitikia, si kabla wala baada. Mwitaji alikuwa Pontien. Sauti yake haikuwa nzuri. Padri alishamwomba kwa upole aihurumie kwaya. Ila bandarini ilipasua upepo, na mtu mwenye gunia la simenti kichwani hatafuti utamu, anatafuta mahali pa kuweka mguu.

Mwito huo alifundishwa na Germain, mzee wa kikosi, mtu mrefu, mpenda utani, aliyekuwa akikohoa vumbi la simenti mpaka Jumapili. Na ni Germain aliyemfundisha pia ile sheria ambayo haikuandikwa popote: dokeri akifa, bandari inakaa. Tangu asubuhi ya siku ya mazishi mpaka udongo umefunika sanduku, hakuna mzigo unaotoka ndani ya masuwa. Mwili unaingizwa kwenye geti, unapitishwa gatini polepole katikati ya mistari miwili ya wenzake, kisha wote wanaupeleka makaburini kule juu.

Kampuni haikuipenda kamwe sheria hiyo. Mwaka mmoja mkurugenzi, Patroni Florent, aliamua kuivunja. Alisema unga utaoza, akaleta vijana wa mjini na polisi wa kuwasindikiza. Pontien alikwenda kukaa juu ya ubao unaounganisha masuwa na gati, wengine wakakaa nyuma yake, na ubao ni mmoja tu. Walimtoa pale kwa virungu. Alitoka kizuizini na ubavu uliovunjika, ambao hadi leo unamtabiria mvua kuliko redio, lakini unga ulikuwa bado ndani ya masuwa, na Florent alikuwa amekubali mbele ya watu wote: bandari itakaa. Kilikuwa kitu pekee ambacho madokeri wa Kalemie waliwahi kukipata bila kukibeba mgongoni.

Kandarasi hawakuwa nayo. Matibabu hawakuwa nayo. Walilipwa kwa siku, na siku ya kuumwa haikuwa siku. Lakini mchana ule mmoja wa kuzikana ulikuwa wao, na mtu aliyeulipia kwa mfupa wake alikuwa delege wao, mwakilishi wao katika sendika ya wafanyakazi.

Ndipo akaja Metre Rubens, wakili wa chama, mwenye viatu vinavyotangulia kulia kabla yeye hajafika.

"Papa Pontien," alimwambia, "katika sendika unaomba. Kule Asemble, bunge la jimbo, unaamua. Weye uko na watu. Sisi tuko na chama. Sasa nani anamukosa mwenzake?"

Pontien aliomba siku za kufikiri, akazitumia kwenda kumtazama Germain, ambaye wakati huo alikuwa haamki tena mkekani. Kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Hospitali walisema ni vumbi, wakasema na dawa, na dawa ilikuwa ya watu wenye kandarasi.

"Nenda," Germain alisema, akipumzika kila baada ya neno. "Uweke sheria... dokeri atibiwe. Lakini usirudi na tumbo. Ubao... hautakubeba."

Walicheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa macho. Hivyo Pontien akawa kandida. Alijiuzulu udelege, kama sendika ilivyotaka, akamwachia Hénoc, kijana mwembamba mwenye ulimi mwepesi, na akaanza kupanda majukwaa akisema kitu kimoja tu: anayebeba jimbo begani atibiwe na jimbo. Alikisema akiamini. Hili lazima lieleweke, maana baadaye watu walisimulia kana kwamba alitoka nyumbani kwake akiwa mwizi.

Germain alifariki wiki ya mwisho ya kampeni. Mazishi yaliwekwa Ijumaa, si kwa kupenda, bali kwa sababu mjomba wake, ambaye ndiye wa kutupa udongo wa kwanza, alikuwa anakuja kwa mtumbwi kutoka Mpala na ziwa lilikuwa limechafuka. Ijumaa hiyo hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni. Na Ijumaa hiyo hiyo asubuhi, masuwa iliyotazamiwa tangu mwanzo wa wiki ilifunga kamba gatini.

Rubens alimkuta Pontien getini, akiwa amevaa shati jeusi.

"Imefika! Matisheti, vitenge, chumvi, mabafle ya muziki, vyote viko ndani. Mitingi ni saa kumi. Bila ile mizigo tutahubiria mbuzi."

"Leo tunazika, Metre."

"Mwili unatoka morgi saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa ni saa tatu. Hapo katikati hakuna muntu wa kushusha maboksi?"

"Bandari imekaa."

Rubens alitazama saa, akatazama mawingu, akashusha sauti. "Nilijua utasema hivyo. Niko na vijana wa mjini pale nje. Wataingia, watatoa, watakwenda. Madokeri wako hawatagusa kitu."

Damu ilimpanda Pontien. Vijana wa mjini, siku ya kilio, ndani ya bandari! Hivyo ndivyo Florent alivyofanya. "Kijana wa nje hataingia hapa leo," alisema. "Sikia vizuri. Hataingia."

"Basi nani?"

Pengine angenyamaza. Pengine angesema mitingi ifanywe bila tisheti, watu wamsikilize yeye wasipokee kitu. Lakini alishaona mitingi ya wapinzani wake, alishaona jinsi uwanja unavyoyeyuka chumvi ikiisha. Akaiona Asemble ikimponyoka, na pamoja nayo ile sheria ya dawa, na kifua cha Germain kikiwa kimelia bure. Akijitahidi kuruka aibu moja, akatua katikati ya nyingine.

"Watashusha madokeri wenyewe," alisema.

Madokeri walikuwa wameketi kwenye kivuli cha hangari, wamevaa mashati yao ya kanisani, wengine wamenyoa. Walipomwona walisogeza nafasi akae. Hakukaa.

"Ndugu zangu, iko mizigo midogo ndani ya masuwa. Si mizigo ya patroni. Ni yetu. Ni maboksi ya kampeni. Germain mwenyewe njo alinituma niende kule. Tukitoa haraka, mwili utatukuta tumeshanawa."

Hénoc alikuwa akichora chini kwa kijiti.

"Papa," alisema, "sheria inasema mizigo ya patroni, ao inasema mizigo?"

"Inasema mizigo. Najua inachosema, Hénoc, miye njo nilipigwa kwa ajili yake."

"Njo maana nakuuliza weye."

"Maboksi tu. Na hatutaimba."

Aliita kwa sauti ya chini, ule mwito wa kuanza kazi. Hakuna aliyeitikia. Lakini mmoja alisimama, akavua shati lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya ukuta. Kisha mwingine. Kisha wote. Angekuwa Florent wangemtemea mate miguuni. Angekuwa gavana wangekwenda zao nyumbani. Lakini alikuwa yeye, na walishazoea kuweka mguu pale sauti yake inaposema uwekwe.

Walipofungua tumbo la masuwa, waliona simenti.

Simenti kutoka ukingo hadi ukingo, imepangwa vizuri, mifuko ya kampuni. Mtoto wa dokeri anayetambaa anajua: kinachopakiwa kwanza ndicho kinachotoka mwisho. Pontien alikuwa amekaa kwenye kazi hiyo tangu ndevu hazijaota, na asubuhi yote hakujiuliza maboksi yamelala wapi. Yalikuwa chini kabisa. Rubens alikuwa amejisifu tangu mwanzo wa wiki kwamba chama kilipeleka vitu kwenye bandari ya kupakia mapema, kabla ya kila mtu. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, chama kilikuwa kimewahi.

"Simenti juu, matisheti chini," alisema Hénoc. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae. "Papa, hii simenti ni ya nani?"

Pontien alitazama getini. Rubens alikuwa akinyoosha mkono wenye saa.

"Tuitoe," alisema. "Tuiweke pembeni tu. Hatuipeleki hangarini."

Hapo ndipo sheria ilipovunjika, ingawa haikutoa sauti. Mfuko uliotoka ndani ya masuwa umetoka; hakuna pembeni. Walishuka mmoja nyuma ya mwingine juu ya ule ubao, kimya, bila mwito, wakigongana kwa sababu hakukuwa na sauti ya kuwapanga. Vumbi likawapaka nywele. Mfuko juu ya mfuko, gati likajaa.

Patroni Florent alishuka kutoka biro yake. Hakupaza sauti, hakutabasamu. Alisimama akiangalia kwa muda, kama mtu anayesoma kitu ambacho alishaambiwa hakipo. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaenda mwenyewe kufungua hangari.

"Muingize humu," alisema. "Itanyesha." Na alipompita Pontien, akaongeza polepole, "Kumbe inawezekana."

Maboksi yalianza kuonekana pale pikapu yenye sanduku la Germain ilipofika getini. Wanawake walikuwa wakiimba. Mjomba kutoka Mpala alikaa nyuma, ameshika sanduku kwa mikono miwili. Wanaume gatini wakasimama walivyokuwa, wa kijivu toka kichwani hadi miguuni, kila mmoja na mfuko wake. Hénoc alikuwa na wake kichwani, akageuka huku na huku akitafuta pa kuutua, na hapakuwa na pa kuutua.

Mke wa Germain, Mama Syntiche, aliteremka. Alimtazama Pontien, ambaye alikuwa juu ya ubao.

"Papa Pontien," aliuliza, na lilikuwa swali tu, la mtu anayetaka kujua, "mwili upite wapi?"

Hapakuwa na njia. Gati lilikuwa ukuta wa simenti.

"Mama, tangulieni," alisema. "Tunakuja nyuma."

Pikapu ilirudi kinyumenyume, dereva akitoa kichwa dirishani asigonge nguzo. Germain, aliyebeba Kalemie nzima juu ya gati lile, hakupitishwa juu yake.

Mitingi ilikuwa nzuri. Ndiyo, ilikuwa nzuri, na hilo nalo liandikwe. Uwanja ulijaa, matisheti yalirushwa, watu walipigana vikumbo kwa chumvi, muziki ulitikisa mabati, mvua ikaja na hakuna aliyeondoka. Pontien alizungumza juu ya rafiki yake aliyekufa kwa vumbi, na mama mmoja mbele akalia machozi. Ubavu ulikuwa ukimuuma kwa mvua. Wakati huo madokeri walikuwa wakipanda njia ya makaburini mbio, miili yao ikishika matope ya simenti, na walikutana na wanawake wakiteremka. Mjomba hakungoja. Kaburi lilikuwa linajaa maji.

Kesho yake Pontien alikwenda kwenye kilio. Wenzake walikuwa wameketi mikekani. Alipotaka kuketi kati yao, Mama Syntiche alimletea kiti cha plastiki, akakipangusa maji kwa kitenge chake.

"Karibu, Onorable."

Hakukuwa na kejeli ndani ya jina hilo la mheshimiwa, na Pontien aliitafuta sana. Alikaa juu ya kiti, peke yake kwa urefu ule, akala bukari, ule ugali wa wote, kama mgeni. Hénoc alimnawisha mikono. Kila aliposema neno, walinyamaza kumsikiliza mpaka mwisho. Miaka yote hiyo hawakuwahi kumwacha amalize sentensi.

Alishindwa uchaguzi. Kiti kilichukuliwa na mtoto wa mfanyabiashara ambaye katika picha yake alicheka mpaka magego. Madokeri walimpigia Pontien kura, wote. Hénoc aliapa, na Hénoc si mtu wa kuapa. Pontien angefurahi kama wangemnyima. Mtu aliyenyimwa anajua amelipa. Simu ya Metre Rubens iliita wiki mbili bila kupokelewa, kisha haikuita tena, na viatu vyake havikusikika tena upande wa ziwa.

"Rudi kazini," Adrienne alimwambia. "Hapa nyumbani unahesabu ndagala zangu kwa macho, zinakonda."

Alirudi. Walimpokea vizuri. Walimpa kazi ya kusimama mlangoni mwa hangari, kazi ya mzee, na kila asubuhi mtu alimletea kasha la kukalia. Mwito aliuita Hénoc. Mabega yaliyopita mbele yake yalikuwa yamevaa uso wake. Matisheti ya kampeni yalikuwa mazito, mazuri kwa simenti, na katika jasho ule weupe wa mpiga picha ulianza kutoka.

Masika yalipokaribia kwisha, Néhémie aliteleza juu ya ubao na mfuko wa unga kichwani. Alikuwa kijana aliyekuja kutoka Nyunzu na mama yake walipokimbia vita. Alianguka kati ya masuwa na gati. Hakukaa hospitali hata usiku mmoja.

Asubuhi ya mazishi madokeri waliketi kwenye kivuli cha hangari. Masuwa ya unga ilikuwa gatini. Florent alishuka, akasimama mbele yao.

"Poleni," alisema. "Mwili utapita, nitawaachia njia. Kazi itaendelea. Siku ya Mzee Germain mulifanya, na hakuna aliyekufa kwa kufanya."

Hénoc aligeuka kumtazama Pontien, na wengine wakageuka naye. Pontien akainuka kwenye kasha lake.

"Patroni, siku ile nilikosa miye. Si wao. Miye njo niliwaita."

"Najua."

"Basi lihesabu ni kosa la muntu mmoja. Usilifanye sheria."

Florent alimchukua mkono, karibu kwa upendo, akamsogeza kando.

"Papa Pontien, siku ya polisi ulikaa pale juu ya ubao nami nikaamini. Niliamini kabisa hawa watu hawawezi kubeba siku ya kilio, hata ukiwaua. Njo maana nilikubali. Haikuwa kwa sababu ya mbavu zako, unisamehe." Akaonyesha geti kwa kidevu. Nje ya vyuma walisimama vijana wengi, kama kila siku, wakingoja mtu apungue. "Sitaleta polisi. Asiyebeba leo aende nyumbani, na kesho pia akae nyumbani."

Alisema hayo bila kufoka, akarudi biro.

Pontien alikwenda kwenye ubao. Alikanyaga mwanzo wake, akashika kamba. Aliwaza kukaa. Kisha akatazama nyuma aone nani anakuja kukaa nyuma yake, na hakuna aliyekuwa amesogea. Hawakumchukia. Walikuwa wakitazama miguu yao kama watoto wanaomwona baba yao akianguka mbele ya wageni.

Hénoc alimfuata polepole.

"Papa, shuka. Kumelowa."

"Hénoc."

"Niko na watoto, Papa. Na ile siku... ile siku tulikupa yote. Haikubaki kitu."

Pontien alishuka. Hénoc aliita, kwa sauti ndogo, na mara hii waliitikia.

Saa nane mama wa Néhémie alifika na katekista na wanawake wawili wa kanisani. Kutoka Nyunzu hakuna aliyeweza kufika. Treni ilikuwa imesimama njiani. Sanduku lilikuwa na watu watatu wa kulibeba. Pontien alivua kofia, akaiacha juu ya kasha, akaingia upande wa mbele, kulia.

Florent alikuwa mkweli: njia ilikuwepo, upana wa sanduku na kidogo zaidi. Ila ilikatwa katikati na msafara wa magunia kutoka kwenye ubao hadi hangarini, na walipofika hapo wabeba sanduku walisimama, wakangoja. Gunia lilipita. Gunia lingine likapita. Kisha kijana mmoja, ambaye Pontien alimwandikisha sendika mwenyewe, alikaza shingo chini ya mzigo wake na kusimama.

"Pita, Onorable," alisema.

Walipita. Mama wa Néhémie alitembea nyuma, hakulia, alikuwa akiangalia mahali pa kukanyaga. Walipotoka upande wa pili msafara ulijifunga na kuendelea.

Néhémie alikuwa mwepesi, mfupa na ngozi. Lakini Pontien hakuwa amebeba kitu tangu kampeni ilipoanza, na ngozi ya bega lake ilikuwa imelainika. Ilianza kuchubuka kabla hawajavuka reli. Katekista alimuuliza kama wabadilishane upande. Alitikisa kichwa, na wakaanza kupanda.